Ithibati Inayomfuata Mlipaji: Aina za Huduma ya Afya Nyumbani na Sifa za Kukaguliwa

Nchini Marekani, mzee aliyeruhusiwa kutoka hospitali baada ya kupata kiharusi anaweza kutembelewa nyumbani na watu wawili katika siku moja. Wa kwanza ni muuguzi mwenye leseni. Humpima shinikizo la damu, humsafisha kidonda, huandika alichokiona, kisha huenda kwa mgonjwa mwingine. Wa pili ni mhudumu anayemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani, na hukaa naye mpaka jioni. Shirika lililomleta muuguzi limekaguliwa kwa kanuni za serikali kuu, ukurasa kwa ukurasa. Lililomleta mhudumu huenda halijaulizwa na yeyote kama mtu huyo anajua kumnyanyua mgonjwa bila kumwangusha. Hoja ya makala haya ni kwamba pengo hilo halikutokana na kupima hatari zinazomkabili mgonjwa. Lilitokana na swali la nani analipa, na nchi zinazoanza sasa kuandika kanuni zake zina nafasi ya kulikwepa.

Msingi uliwekwa na sheria ya Medicare ya mwaka 1965, bima ya afya ya wazee. Sheria hiyo ilikubali kulipia huduma nyumbani kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyogawa huduma katika aina tunazozijua leo. Ili shirika litambuliwe kuwa la afya nyumbani, ni lazima litoe uuguzi wa kitaalamu pamoja na angalau huduma moja zaidi kati ya hizi: tiba ya viungo, tiba ya usemi, tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia, ustawi wa jamii, au wahudumu wasaidizi. Angalau mojawapo ya huduma hizo shirika liitoe lenyewe, kupitia waajiriwa wake. Mgonjwa naye awe mtu asiyeweza kutoka nyumbani bila taabu kubwa, awe na hitaji la kitaalamu, na mpango wake wa matibabu uidhinishwe na daktari au, tangu mwaka 2020, na mtaalamu mwingine aliyeruhusiwa, kama muuguzi bingwa. Saa zenyewe ni za vipande: kwa kawaida uuguzi na usaidizi kwa pamoja havizidi saa 28 kwa wiki. Anayehitaji kuogeshwa na kulishwa tu, bila hitaji la kitaalamu, yuko nje ya sheria.

Kutoka hapo sifa za kupata ithibati zinasomeka kwa urahisi. Shirika linaloomba kulipwa na Medicare hukaguliwa ama na wakaguzi wa jimbo, ama na taasisi binafsi iliyoidhinishwa na serikali kuu. Likifaulu kwa taasisi hiyo, huhesabiwa kuwa limetimiza masharti ya Medicare. Taasisi zinazojulikana zaidi ni tatu: Joint Commission, iliyoanza na hospitali mwaka 1951, CHAP, iliyoanzishwa mwaka 1965 mahususi kwa huduma za afya katika jamii, na ACHC, ya mwaka 1986. Shirika jipya haliwezi kukaguliwa kwa ahadi tupu. Kwa kawaida ni lazima liwe limekwisha kuhudumia wagonjwa wasiopungua 10 wenye hitaji la kitaalamu, na 7 kati yao wawe bado wanahudumiwa siku mkaguzi anapofika. Akifika, hafiki kwa miadi, na ukaguzi hurudiwa kabla ya miezi 36 kupita.

Sharti la wagonjwa 10 linaonekana la kiofisi, lakini nadhani ndilo lenye busara kuliko yote. Wodi inaweza kukaguliwa ikiwa tupu: vitanda, sinki, oksijeni, njia ya moto. Nyumba ya mgonjwa si mali ya shirika. Shirika haliwezi kubomoa ngazi zilizo wima, wala kumfukuza mbwa, wala kumwambia binti wa mgonjwa aache kuficha dawa za baba yake kabatini. Kinachoweza kukaguliwa ni jinsi shirika linavyoona na linavyoitikia. Je, mgonjwa alifanyiwa tathmini ndani ya saa 48 tangu kupelekwa kwao au kurudi nyumbani? Dawa alizoandikiwa hospitalini zililinganishwa na zile zilizokuwa mezani kwake? Mhudumu alipoona wekundu mgongoni, alimwambia nani, na aliyeambiwa alifanya nini? Hakuna awezaye kuyajibu hayo pasipo wagonjwa halisi. Ndiyo maana mkaguzi huandamana na wahudumu hadi majumbani, akasimama pembeni ya kitanda, kisha akalinganisha alichokiona na kilichoandikwa kwenye faili.

Kanuni hizi zinagusa hata mhudumu msaidizi, mradi awe chini ya shirika la Medicare. Akipitia mafunzo, yasipungue saa 75, na kati ya hizo 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Mgonjwa anapopata pia huduma za kitaalamu, kazi ya mhudumu huyo hutazamwa upya na muuguzi au mtaalamu wa tiba kila baada ya siku 14. Mtu anaweza kusema saa 75 ni chache, nami nasema hivyo, lakini kuna mtu mwenye jina anayewajibika kuuliza.

Aina nyingine zimefuata mkondo uleule. Hospisi, inayomtunza mgonjwa aliye karibu na mwisho wa maisha, iliingia Medicare kwa sheria ya mwaka 1982 ikiwa na masharti yake. Wauzaji wa vifaa kama viti vya magurudumu na mashine za oksijeni walilazimishwa kupata ithibati mwaka 2009, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu madai ya uongo. Watoa dawa za kupitia mshipa nyumbani wana malipo na masharti yao tangu Januari 2021. Kila mara, mkaguzi amefika pale ankara ilipofika.

Upande wa pili uko utunzaji wa mwili: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kukaa na mtu aliyepoteza kumbukumbu. Kwa sehemu kubwa hulipiwa na Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, au na familia yenyewe. Kwa wahudumu wa namna hii serikali kuu haikuweka kiwango cha chini cha mafunzo. Majimbo hayalingani, moja linadai leseni na kozi, jingine halidai kitu. Taasisi za ithibati hazikuwafungia mlango, kwa kuwa zinazo programu za utunzaji wa mwili, lakini anayeuingia huuingia kwa hiari. Hata sheria ya kazi ilichelewa kuwaona. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Evelyn Coke, mhamiaji kutoka Jamaica aliyewatunza wagonjwa New York, iliamua kwamba wahudumu wa aina yake wangeweza kunyimwa malipo ya saa za ziada, wakihesabiwa kuwa watu wa kumpa mzee kampani. Kanuni ilibadilishwa mwaka 2013. Waafrika Mashariki wengi waliohamia Marekani wameishi kwa kazi hii, na fedha zake zimejenga nyumba na kulipa ada Kisii na Kampala.

Lakini hatari iko wapi? Vidonda vya kulalia huanza katika saa ambazo muuguzi hayupo. Kuanguka hutokea bafuni. Chakula humpalia mtu anapolishwa akiwa amelala chali. Mhudumu wa mwili ndiye wa kwanza kuona mgonjwa amekosa hamu ya kula au amechanganyikiwa ghafla, dalili ambazo muuguzi wa Jumanne hawezi kuziona Ijumaa. Kupanga ukaguzi kwa kufuata bili ni kuziacha gizani saa nyingi za mgonjwa.

Wapinzani wa hoja hii wana neno zito: gharama. Ithibati huhitaji ada, makaratasi na mtu wa kuyashughulikia. Shirika dogo likilazimishwa linaweza kufunga, na mzee akabaki bila msaidizi wowote. Nakubali uzito wake, ndiyo maana sidai kila mtunzaji abebeshwe masharti ya Medicare. Nadai masharti yapimwe kwa kazi inayofanyika. Kwa anayempikia tu mzee na kumfulia, inatosha kuthibitisha utambulisho wake na kuweka namba ya kupeleka malalamiko. Anayemnyanyua, kumlisha au kumkumbusha dawa afunzwe kwa vitendo na awe na muuguzi wa kumsimamia. Ngazi kama hiyo haivunji shirika dogo.

Kwetu Afrika Mashariki mambo bado ni mabichi. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, na Tanzania ikatangaza Januari 2024 mpango wa kufikia idadi ya wahudumu 137,294 wa afya ngazi ya jamii katika miaka mitano. Nchi zote mbili zilitunga sheria mpya za bima ya afya mwaka 2023. Wakati huohuo, familia zenye uwezo Nairobi na Dar es Salaam huajiri watunzaji wa wagonjwa kwa kuelekezwa na jirani. Muuguzi ana baraza lake na leseni yake, lakini mtunzaji wa kuajiriwa na familia hana mtu wa kumjibu isipokuwa aliyemwajiri. Kishawishi kitakuwa kusubiri hadi bima ianze kulipia utunzaji wa nyumbani ndipo kanuni ziandikwe, na zitakazoandikwa zitakuwa za kulinda mfuko.

Uganda ilipata kuonyesha njia nyingine. Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilianzia kwenye maumivu ya mgonjwa wa saratani aliyelala nyumbani, mbali na daktari, na dawa iliyomfaa ilikuwa mofini ya maji. Kikwazo kilikuwa kalamu ya kuiandika. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuiandika wenyewe. Sifa ya kustahili ilitungwa kwa kuangalia nani anamfikia mgonjwa, akihitaji ujuzi gani, na dawa ikilindwa vipi. Maswali hayohayo yanaweza kuulizwa leo kuhusu anayemgeuza mzee kitandani saa nane za usiku, kabla bima haijapanga bei ya kazi yake.