Injili ya Kisukuma, kutoka Nassa hadi Mkula

Mkula inajulikana kwa hospitali yake ya AICT, Kanisa la Africa Inland. Chimbuko la kanisa hilo kwa upande huu, hata hivyo, ni Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, wilaya hiyohiyo ya Busega.

Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS walifungua kituo Nassa mwishoni mwa miaka ya 1880, macho yao yakiwa Uganda zaidi kuliko Usukuma. Mwenzao Alexander Mackay alikuwa Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, akitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda hadi homa ilipomuua Februari 1890. Mwaka uleule Waingereza na Wajerumani wakagawana nchi, na Nassa ikaangukia kwa Mjerumani. Kazi ikasuasua, ingawa sehemu za Injili kwa Kisukuma zilipigwa chapa kabla karne haijaisha.

Mwaka 1909 CMS ikaikabidhi Nassa kwa Africa Inland Mission ya Wamarekani. Akaja Emil Sywulka na mkewe, na Agano Jipya la Kisukuma likatoka 1925. Kitabu kilipatikana, wasomaji je? Baada ya mavuno vijana walikuwa uwanjani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana, na wamisionari wakaipiga marufuku ngoma kwa waumini wao. Kwa maoni yangu hapo walijikwamisha wenyewe, maana kwa Msukuma neno lisiloimbwa huchelewa kuingia.

Biblia nzima ikakamilika 1960. Kule Tahiti, kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki, wamisionari kutoka London walitua 1797 na Biblia nzima ikachapwa 1838, miaka 41. Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote Tanzania, walingoja takriban 70. Na ilipowafikia, Uhuru ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu. Kiswahili kikashika shule, ofisi, kisha mimbari, na Biblia ya Union ya 1952 ikawa ndiyo inayobebwa kwapani Jumapili. Kisukuma kikabaki kwa wazee, na kwenye baadhi ya nyimbo, ambako kwa kweli ndiko kilikostahili kuanzia.

Nakala za 1925 zilizo kwenye masanduku ya familia za Busega si za kufungia karanga. Aliye nayo aipeleke pastoreti yake itunzwe, na mjukuu amkalishe bibi amsomee kwa sauti angali anaona herufi.