Fungate Baharini: Raha na Karaha za Meli Kubwa ya Kitalii

Bibi harusi akionyeshwa picha ya meli ya kitalii, huona bwawa la kuogelea, taa na kitanda kilichopambwa maua. Kabla akiba yako haijageuka tiketi, tuitazame historia yake, maana raha na karaha za safari hii ni pacha.

Mwanzoni meli kubwa zilikuwa za kuvusha watu tu. Majira ya baridi, Bahari ya Atlantiki ikichafuka, abiria walipungua na meli zikapata hasara. Albert Ballin, wa kampuni ya meli ya Hamburg, Ujerumani, akapata wazo. Januari 1891 aliipeleka Augusta Victoria kutembeza watalii katika Bahari ya Mediterania. Ilibeba abiria 241, yeye na mkewe wakiwamo. Kwa karibu miezi 2 walipita Iskandaria, Beirut, Istanbul na kwingineko. Raha yake ndiyo hii ya leo: sanduku unalifungua mara moja, kisha miji inakufuata wewe.

Mwaka 1900 ikashushwa majini Prinzessin Victoria Luise, iliyojengwa kwa utalii pekee. Vyumba vyake 120 vyote vilikuwa vya daraja la kwanza, na ilikuwa na maktaba, ukumbi wa mazoezi na hata chumba cha kusafishia picha. Desemba 1906 ilipanda mwamba karibu na Kingston, Jamaika. Abiria waliokoka, meli ikaangamia. Anasa haiitulizi bahari.

Tangu hapo meli zimezidi kuwa miji. Icon of the Seas, iliyoanza safari 2024, ina sitaha 20 na inaweza kubeba abiria wapatao 7,600. Kila kitu kimo ndani, na hapo ndipo penye kasoro: nchi kavu inabaki ya kupigia picha. Sisi wa visiwani tunaijua hali hiyo kutoka upande wa pili. Wageni wa meli hushuka Zanzibar, huzunguka Mji Mkongwe saa chache, kisha hao wanaondoka. Wamefika, hawakukaa.

Kasoro nyingine ilidhihirika Februari 2020, Diamond Princess ilipowekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 waliambukizwa korona. Wenye vyumba vya ndani, visivyo na dirisha, walingoja zamu ya kutoka kuvuta hewa.

Basi, bibi harusi, ukiamua kwenda, lipia dirisha kabla ya mapambo. Uliza chakula cha halali kabla ya kulipa, si mezani. Tazama meli inakaa bandarini saa ngapi. Sala isikutie hofu: msafiri ana ruhusa ya kupunguza, na chombo kikiyumba asiweze kusimama, huswali ameketi. Na mwenzio mzungumze mapema, kwani chumba cha meli ni kidogo, na fungate ni siku za kujuana.