Aspen: Mji Uliookolewa na Ufukara

Anayetaka kwenda Aspen, Colorado, majira ya majani kupukutika aanze na kalenda, hoteli baadaye. Miti iliyoupa mji huo jina hugeuka rangi ya dhahabu kuelekea mwisho wa Septemba, na upepo mkali wa usiku mmoja waweza kuiacha matawi matupu. Anayechelewa hadi katikati ya Oktoba hukuta migahawa mingi imefungwa, wenyewe wakipumzika kabla theluji haijaleta wageni. Siku nzuri ni chache, kila mtu anazijua, na bei za vyumba zinazijua zaidi.

Njia nayo ichaguliwe. Wengi hutoka Denver kwa barabara kuu hadi Glenwood Springs, kisha wakapanda bonde la mto Roaring Fork. Ni njia nyepesi. Lakini anayetaka kuuelewa mji aingilie mashariki, kwenye kipito cha mlima kiitwacho Independence Pass, mita 3,687 juu ya usawa wa bahari. Barabara hiyo hufungwa majira yote ya baridi, magari marefu hayaruhusiwi, na mahali pengine ni nyembamba mno hata haina mstari wa katikati. Huko ndiko walikopita wachimbaji waliotoka Leadville kiangazi cha 1879 kutafuta madini ya fedha katika ardhi ya watu wa kabila la Ute. Kambi yao waliiita Ute City. Mwaka uliofuata wakabadilisha ikawa Aspen, na mwaka 1881 Waute wa White River wakahamishwa kwa nguvu hadi Utah. Jina lao liling'olewa kabla hawajang'olewa wenyewe.

Ukishuka kutoka kileleni utaona mabanda ya mbao yaliyoinama: ndiyo mabaki ya kambi ya dhahabu ya Independence. Inasimuliwa kwamba mwaka 1899 theluji iliwafungia wakazi wake hadi chakula kikaisha, wakabandua mbao za nyumba zao, wakazichonga ziwe ski, wakateleza nazo hadi Aspen. Leo watu hulipa pesa nyingi kuteleza katika milima hiyo hiyo. Wale walikuwa wakikimbia njaa.

Aspen yenyewe iko mita 2,400 hivi, kimo cha Iten ya wanariadha wa Kenya, kwa hiyo siku ya kwanza tembea polepole. Na utakapotembea, tazama majengo ya matofali. Hoteli ya Jerome na jumba la opera la Wheeler yote mawili yalifunguliwa mwaka 1889, kwa pesa za Jerome Wheeler, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa mbia katika duka la Macy's. Reli mbili zilikuwa zimeshafika, umeme ulikuwa unawaka, na watu walikuwa wakielekea 12,000.

Utajiri ule wa madini ya fedha ulitegemea sheria. Tangu 1890 serikali ya Marekani ilikuwa imejifunga kununua fedha kwa wingi kila mwezi. Mwaka 1893 uchumi ukayumba, Bunge likaifuta sheria hiyo, bei ikaporomoka, na migodi ikafungwa. Mwaka 1894 mgodi wa Smuggler ukatoa bonge la fedha karibu safi lenye uzito wa zaidi ya kilo 800. Lilikuja soko likiwa limeshakufa. Wheeler mwenyewe alifilisika, na kufikia 1930 mji ulikuwa na watu 700 hivi, wengi wao wakifuga ng'ombe na kulima viazi.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kinachowavutia wageni leo, zile nyumba za mbao zenye nakshi za enzi ya Malkia Victoria, hakikuhifadhiwa na mtu yeyote mwenye hekima. Kilibaki kwa sababu hapakuwa na pesa za kukibomoa wala za kujenga kipya. Miji mingine iliyoendelea kushiba ilibomoa za kwake.

Mwaka 1945 akaja Walter Paepcke, tajiri wa Chicago aliyetengeneza maboksi ya karatasi, akivutwa na mkewe Elizabeth aliyekuwa ameshaupenda mji. Friedl Pfeifer, Mwaustria aliyekuwa mwanajeshi wa kikosi cha milimani, alitaka ski. Paepcke alitaka mahali pa kulisha akili. Januari 1947 ikazinduliwa lifti ya viti iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani. Paepcke akajitolea kuwapa wenyeji rangi ya bure ya kupaka nyumba zao, mradi msanii wake Herbert Bayer achague rangi zenyewe. Wapo waliokataa, na mimi nawaelewa.

Kiangazi cha 1949 Paepcke akaandaa sherehe za miaka 200 tangu azaliwe Goethe, mwandishi wa Kijerumani. Mgeni mkubwa alikuwa Albert Schweitzer, daktari wa Lambaréné nchini Gabon, katika safari yake pekee ya Marekani. Alihutubia hemani, mara moja kwa Kifaransa na mara moja kwa Kijerumani. Kutokana na sherehe hizo zikazaliwa Taasisi ya Aspen na tamasha la muziki, na mji ukapata wageni hata pasipo theluji.

Bei zikapanda. Mwaka 1970 mwandishi Hunter S. Thompson aligombea ukuu wa polisi wa wilaya, akiahidi kung'oa lami na kuubatiza mji Fat City ili walanguzi wa ardhi wakose jina la kuuza. Watu walicheka, kisha zikahesabiwa kura: alishindwa, lakini kura zake hazikuwa chache. Walanguzi hawakuondoka.

Kwa hiyo, kwenye mpango wako andika mambo mawili zaidi. Kwanza, weka nafasi mapema ya basi la kwenda Maroon Bells, vilele viwili vya zaidi ya mita 4,200 vinavyojitazama ziwani, kwani magari binafsi yamewekewa masharti. Pili, kama bei ya Hoteli ya Jerome inakushinda, lala Glenwood Springs, kilomita 65 hivi chini ya bonde, upande basi la asubuhi. Utakaa na wapishi na wasafisha vyumba, ambao wengi wao hawamudu kuishi mjini wanakofanya kazi.