Pini ya Kofia

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wa miji ya Ulaya na Marekani walivaa kofia pana, zilizopambwa kwa manyoya ya ndege na maua ya kitambaa. Kofia hizo zilishikizwa kwenye nywele kwa pini ndefu ya chuma, yenye pambo upande mmoja na ncha kali upande wa pili. Kadiri kofia zilivyopanuka, ndivyo pini zilivyorefuka.

Nyakati hizo ndizo wanawake wengi walipoanza kutoka peke yao, kwenda kazini na madukani, wakisongamana na wanaume garini. Wako wanaume walioufanya msongamano huo kuwa nafasi ya kuwapapasa. Mwezi wa Mei 1903, Leoti Blaker, msichana wa Kansas aliyekuwa akizuru New York, alipanda gari la farasi katika Fifth Avenue. Mzee mmoja aliyevaa kiungwana alimsogelea, akazidi kumsogelea, mwishowe akampitishia mkono mgongoni. Msichana akachomoa pini yake akamdunga mkononi. Mzee akapiga ukelele, akashuka kituo kilichofuata.

Mwanzoni magazeti yaliwasifu wanawake wa namna hii. Baadaye sauti ikageuka: watu wakalalamika kwamba ncha zilizotokeza nje ya kofia ziliwachoma abiria nyusoni na machoni. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 1910 baraza la mji wa Chicago lilipitisha sheria ya kuzuia pini ndefu, kwa kura 68 dhidi ya 2, na faini ilifika dola 50. Mwanamke mmoja aliwajibu madiwani kwamba wakitaka kuwanyang'anya pini, basi kwanza wazifanye njia za mji kuwa salama. Jibu hilo halikuwa na kura nyuma yake, maana wanawake wa Chicago hawakupata haki ya kuchagua madiwani mpaka mwaka 1913.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nywele zilikatwa fupi na kofia zikawa ndogo, zenye kubana kichwa. Pini ndefu ikakosa kazi. Hivyo mtindo ulimaliza jambo ambalo madiwani walikuwa wakilishindania. Lakini mkono wa yule mzee wa garini haukuwekewa kipimo na sheria ile, na wanawake walioendelea kupanda magari hayo walibaki bila pini na bila ulinzi badala yake.