Kuhama kutoka Android kwenda iOS

Kuhama kutoka Android kwenda iOS ni kuhamisha taarifa za mtumiaji kutoka simujanja yenye mfumo endeshi wa Android, unaoendelezwa na Google, kwenda iPhone ya kampuni ya Apple, inayotumia mfumo endeshi wa iOS. Programu rasmi ya kazi hiyo, Move to iOS, ilitolewa na Apple mwezi Septemba 2015, sambamba na iOS 9. Mtumiaji huingiza kwenye simu ya zamani namba ya siri inayoonyeshwa na iPhone. Simu hizo huunganishwa bila waya, kisha namba za watu, meseji, picha, video na kalenda hunakiliwa. Mazungumzo ya WhatsApp yalianza kuhamishika kwa njia hiyo mwaka 2022. Programu zilizolipiwa kwenye Google Play, duka la programu la Android, hazihamishiki. Kwa kawaida hununuliwa upya, gharama inayowazuia baadhi ya watumiaji kuhama.