Kasoro za Kweli za Sarafu: Kutoka Heller za Wajerumani hadi Shilingi, Mwanza na Ufuko wa Ziwa Victoria

Kasoro ya kweli ya sarafu huzaliwa kiwandani. Kipande bapa cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikabanwa kwa nguvu, na kwa pigo hilo moja picha na maandishi hutokea pande zote mbili. Hitilafu iliyotokea kabla ya pigo hilo au wakati wa pigo ni kasoro ya utengenezaji, na wakusanyaji huilipia. Iliyotokea baadaye, iwe kwa nyundo, moto, tindikali au kwa kulala miaka mingi kwenye maji na mchanga, ni uharibifu, na hupunguza thamani. Fedha zilizopita mikononi mwa watu wa Mwanza na ufuko wa Ziwa Victoria katika karne iliyopita zinaonyesha tofauti hiyo hatua kwa hatua.

Chini ya utawala wa Wajerumani, fedha ya eneo hilo ilikuwa rupia. Hadi 1904 rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Tangu mwaka huo ikawa heller 100. Sarafu za mfumo huo mpya ziligongwa Ujerumani, zikiwa na herufi A kwa kiwanda cha Berlin na J kwa kiwanda cha Hamburg. Katika sarafu za aina hii mstari mwembamba ndio unaowachanganya watu zaidi. Muhuri ukipata ufa, madini huingia katika ufa huo, kwa hiyo sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa kisu au msumari huzama. Ukucha na lenzi ndogo vinatosha kutambua kipi ni kipi.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta sarafu ngumu kuliko zote kuzihukumu. Meli za Waingereza ziliziba njia ya bahari, fedha mpya hazikufika tena, na utawala wa Kijerumani ukaanza kugonga zake Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini; Septemba Tabora yenyewe ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Ubelgiji. Katika kipindi hicho kifupi zilitoka heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zote zina mwaka 1916 na herufi T. Sehemu ya shaba ya njano ilitokana na maganda ya mizinga.

Kwa sababu ya mazingira hayo, heller 20 yenye ukingo usio sawa, maandishi hafifu au picha iliyosogea kidogo ni ya kawaida. Wataalamu hutazama mihuri. Upande mmoja taji ni kubwa au dogo. Upande wa pili ncha za herufi L katika neno HELLER zimechongoka, au zimejipinda zote mbili, au imejipinda L ya pili tu. Hizi si kasoro bali ni aina za mihuri, na michanganyiko fulani ni adimu kuliko mingine. Rupia 15, zilizogongwa 16,198 na zenye picha ya tembo, huigwa sana. Halisi ina uzito wa takriban gramu 7.17. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina vipele vidogo na herufi zisizo na makali.

Baada ya vita, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ilileta senti 1, 5 na 10 zenye tundu katikati. Kipande bapa kilitobolewa kwanza, ndipo kikagongwa. Kikitobolewa pembeni, tundu huingia ndani ya muundo, na herufi zilizo jirani hulegea au kuvutika kuelekea tundu, kwa kuwa madini yalisukumwa huko wakati wa pigo. Tundu lililochimbwa baadaye kwa keekee, ili sarafu ivaliwe au itumike kama washa, hukata herufi kwa ghafla na kuacha kingo kali. Sarafu isiyo na tundu kabisa inawezekana, ila iliyozibwa kwa risasi huonyesha duara la maungio na hubadilika uzito.

Senti 5 na 10 za 1936 zenye jina la Edward VIII hudhaniwa kuwa adimu kwa kuwa mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja. Kwa kweli ziligongwa kwa mamilioni. Kilicho adimu ni kosa la kiwanda cha Heaton huko Birmingham, ambako muhuri wa Afrika Mashariki wenye jina la Edward uliunganishwa na muhuri wa peni ya Afrika Magharibi ya Uingereza. Mchanganyiko wa namna hiyo ukidaiwa, ukingo uchunguzwe: sarafu mbili zilizokatwa na kugandishwa huacha mshono.

Sarafu za Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa 1966, zilileta mitego mingine, hasa baada ya chuma kilichofunikwa kwa madini kuanza kutumika. Shilingi 100 ya rangi ya njano ni chuma ndani, na sumaku huivuta. Iliyokosa tabaka la juu tangu kiwandani bado ina picha kali kila mahali. Iliyochujuka kwa tindikali au matumizi ina sehemu zilizofifia na mabaki ya njano katika mabonde ya herufi. Alama ya picha iliyogeuzwa na kuzama, juu ya uso ambao vinginevyo ni wa kawaida, hutokana na sarafu mbili kubanwa kwenye jiliwa. Katika kasoro ya kweli ya aina hiyo, picha iliyozama huchukua nafasi ya ile iliyopaswa kuwapo.

Uchunguzi hufuata mpangilio uleule kwa sarafu zote: kupima uzito, kujaribu sumaku, kutazama ukingo, kisha kuilinganisha na sarafu nzima ya aina na mwaka huo chini ya lenzi. Alama isiyoweza kuelezwa kwa hatua yoyote ya utengenezaji, yaani kukata, kutoboa, kufunika au kugonga, haitokani na kiwanda.