Kikopey Ililalaje? Historia ya Kitanda Kando ya Barabara Kuu

Wasafiri wengi wa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru huijua Kikopey kwa pua kabla ya kuiona kwa macho. Moshi wa mbuzi anayechomwa huwapokea wakishaipita Gilgil, matatu hupaki, kilo hukatwakatwa juu ya ubao mbele ya mteja, ugali na kachumbari hufuata, kisha safari huendelea. Watu husimama hapa, hawalali. Hata hivyo, anayetaka kuandika historia ya namna watu wa Afrika Mashariki walivyotafuta mahali pazuri pa kulaza ubavu atapata ushahidi mwingi katika kipande hiki cha Bonde la Ufa kilicho kati ya Gilgil, Ziwa Elmenteita na Nakuru. Ushahidi huo una la kusema pia kuhusu feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga makao, ambayo siku hizi imeingia katika kurasa za mapambo ya nyumba na video za simu ikimwambia mwenye nyumba kwamba halali vizuri kwa sababu kitanda chake kimeelekea kubaya.

Tuitendee haki elimu hiyo kwanza. Feng shui, yaani upepo na maji, haikuanza na vitanda. Zangshu, andiko lake la kale linalotajwa sana, ambalo kwa desturi huhusishwa na msomi Guo Pu aliyefariki mwaka 324, ni kitabu cha maziko: kinaeleza wapi azikwe mzazi ili nguvu ya uhai iitwayo qi isitawanywe na upepo, bali izuiwe na maji. Kutoka makaburini elimu hiyo ilihamia kwenye nyumba za walio hai, na baada ya muda ikawa na mikondo miwili mikubwa. Mmoja hutazama umbo la nchi: kilima kiko wapi, maji yanakwenda wapi, upepo unapitia wapi. Mwingine hutumia dira na mwaka wa kuzaliwa kumpangia mtu pande zake njema na mbaya. Ushauri unaorudiwa zaidi kuhusu usingizi, kwamba kichwa cha kitanda kiegemee ukuta imara na anayelala auone mlango bila kulala moja kwa moja mbele yake, unatokana zaidi na mkondo wa kwanza. Hoja ya makala haya ni kwamba watu wa bonde hili waliyafikia mambo ya mkondo huo wa kwanza wenyewe, kwa sababu upepo, baridi na hofu viliwalazimisha. Na kwamba ule wa dira hauna lolote la kumwongezea mtu wa Kikopey asiyepata usingizi.

Tuanze na Hyrax Hill, kilima kilicho nje kidogo ya mji wa Nakuru, karibu na barabara hiyo hiyo ya Kikopey. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938 na kukuta, pamoja na makaburi ya kale zaidi, mashimo mapana yaliyochimbwa kwenye mteremko. Wakati huo yalidhaniwa kuwa nyumba za shimoni, kwamba watu walilala humo ndani. Ni mwanaakiolojia John Sutton, aliyeyatafiti mashimo ya aina hiyo kuanzia miaka ya 1960, aliyeonyesha kwamba ng'ombe ndio waliolala shimoni. Yalikuwa mazizi ya watu wanaokumbukwa kwa jina la Sirikwa, walioishi katika nyanda hizi takriban kati ya mwaka 1200 na 1700. Nyumba ilijengwa ubavuni mwa shimo, na mlango wake ulifungukia ndani ya zizi. Lango la zizi lilielekea chini ya mteremko, ili mvua na samadi vitoke nje.

Mpangilio huo unastahili kutazamwa kwa makini. Aliyetaka kumfikia mtu aliyelala, awe mwizi wa mifugo au chui, ilimbidi kwanza apite langoni, kisha apenye katikati ya ng'ombe gizani, ndipo aupate mlango wa nyumba. Ng'ombe walikuwa kengele. Shimo lenyewe liliwakinga na upepo, na nyumba iliyoegemea ukingo wake ikapata sehemu ya kinga hiyo. Maji hayakuingia kwa sababu mteremko uliyaondoa. Mtaalamu wa feng shui wa mkondo wa umbo angeutazama mji kama huo na kutikisa kichwa kwa kuridhika: mgongo juu ya kilima, uso bondeni, njia ya kuingilia yenye kupinda. Lakini lango lilifuata mteremko, na mteremko haukuwauliza Wasirikwa mwaka wao wa kuzaliwa.

Wamaasai waliotawala malisho haya baada yao walijenga kwa namna nyingine, ila kwa kutatua tatizo lile lile. Nyumba ya Kimaasai, enkaji, hujengwa na mwanamke kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe, nayo ni fupi kiasi kwamba mtu mrefu hawezi kusimama wima ndani yake. Mlango wake haufungukii moja kwa moja kitandani. Kuna ujia mfupi unaokata kona, kwa hiyo upepo wa nje hugonga ukuta na kufa kabla ya kuwafikia waliolala. Kitanda ni fito zilizoinuliwa kidogo kutoka chini na kutandikwa ngozi, karibu na moto, na ndama hulala humo humo. Giza lake, hata mchana, huwashangaza wageni. Boma zima, enkang, lina mpango wake pia: mke wa kwanza hujenga kuumeni mwa lango, wa pili kushotoni, wa tatu kuumeni tena. Hapo ndipo tunapoona kitu kilicho karibu zaidi na feng shui ya kweli, kwani mahali pa kitanda panasema mtu ni nani katika familia. Tofauti ni kwamba kipimo ni lango la mifugo, na lango likihamishwa boma likihama, kuume na kushoto huhama nalo.

Je, mambo haya yana uhusiano gani na usingizi wenyewe, mbali na usalama? Utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba huwezi kuyatenganisha. Mwaka 2015 timu ya Gandhi Yetish na Jerome Siegel ilichapisha vipimo vya usingizi wa jamii tatu zisizotumia umeme, mojawapo ikiwa Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, katika Bonde la Ufa hili hili. Watu wa jamii hizo hawakulala jua lilipotua. Walikaa zaidi ya saa tatu ndipo wakalala. Walilala wakati joto la usiku likishuka na kuamka lilipokaribia kiwango chake cha chini kabisa. Kwa wastani walilala kati ya saa 5.7 na 7.1, na waliolalamika kukosa usingizi walikuwa wachache mno. Miaka miwili baadaye David Samson na wenzake wakaeleza walichokiona kwa Wahadzabe 33 katika siku 20: dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima kulikuwa na aliye macho, na wengine wakalala kwa sababu hiyo.

Hata nyani wanatoa ushahidi, na hapa Kikopey ina historia yake ya pekee. Kuanzia mwaka 1972 mwanaanthropolojia Shirley Strum aliwafuatilia nyani katika ranchi ya hapa iliyoitwa Kekopey, wanyama ambao kila jioni hupanda magenge ya mawe kulala pasipofikika kwa urahisi. Ranchi ilipouzwa na kugawiwa wakulima, nyani wakawa wezi wa mahindi, na mwaka 1984 Strum akawahamishia Laikipia. Huko huko Laikipia, katika kituo cha Mpala, watafiti wengine waliwafunga nyani vifaa vya kupima mwendo wa mwili na kuchapisha matokeo mwaka 2022: nyani akilala mahali asipopazoea hulala kidogo zaidi, hata kama amechoka. Kwa binadamu, Masako Tamaki wa Chuo Kikuu cha Brown alionyesha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza katika chumba kigeni upande mmoja wa ubongo hubaki ukisikiliza zaidi ya mwingine. Mwili, basi, unauliza kabla ya kulala kama pana ulinzi. Kitanda kinachouona mlango, ng'ombe wanaoziba njia, ujia wenye kona na mzee anayekohoa kando ya moto vinatoa jibu moja kwa swali hilo.

Mpango huu wa zamani ulivunjwa kwa mkataba wa kikoloni. Mwaka 1904 Wamaasai wa Naivasha na Nakuru walitakiwa kuyaacha malisho haya, wengine waende Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 hata waliokwenda Laikipia walihamishwa. Bonde likawa la walowezi: Lord Delamere akachukua Soysambu, na shemeji yake, Galbraith Cole, akawa na Kekopey. Reli ilikuwa imeshafika Nakuru mwaka 1900 na kuleta mabati, yaliyosambaa kutoka stesheni na majumba ya wakubwa hadi kwa kila aliyeweza kuyanunua. Ranchi ilipogawanywa baada ya uhuru, mwelekeo wa nyumba ulishaamuliwa na mpimaji ardhi. Ploti ya futi hamsini kwa mia huelekea barabara, mlango huelekea lango la ploti, na chumba cha kulala huangukia panapobaki, mara nyingi upande wa barabara kuu, ambako malori ya Malaba na Busia hubadilisha gia usiku kucha. Dira ya Kikopey ya leo ni bikoni ya mpimaji.

Hapa atainuka mtu aseme kwamba ninazipamba nyumba za kale. Anayo haki. Enkaji imejaa moshi, na moshi wa kuni ndani ya nyumba huharibu mapafu ya mama na mtoto. Kupe na viroboto wa ndama hawakumwacha mtu alale fofofo. Mabati yalileta maji safi ya mvua kwenye tangi na yakaondoa kazi ya kukandika paa kila msimu; hakuna mwanamke wa Kikopey anayeombwa aurudie udongo. Lakini kukiri hayo hakuondoi ukweli kwamba nyumba ya mabati isiyo na dari ni nyumba mbaya ya kulala. Mchana huoka, na usiku, katika mwinuko huu ambako joto laweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, hutoa joto lake lote upesi, ikamwamsha mtu alfajiri akivuta blanketi. Upenyo kati ya bati na ukuta huingiza baridi, mwanga wa taa za baa na sauti ya honi kwa pamoja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kama mtu anaamini kugeuza kitanda kumemletea utulivu, na utulivu huleta usingizi, dira ina kosa gani? Kosa lake ni kwamba dira hazikubaliani. Vastu, elimu ya makao iliyokuja na familia za Kihindi za Nakuru, humwambia mtu aweke kichwa kusini na aikwepe kaskazini. Muislamu wa mji huo huo akilalia ubavu wa kulia na kuelekea kibla, ambacho kutoka hapa kiko kaskazini, kichwa chake huwa mashariki. Naye anafuata sunna, hauzi tiba ya usingizi. Feng shui ya dira humpa mume upande mmoja na mke mwingine kwa sababu walizaliwa miaka tofauti, jambo gumu katika kitanda cha futi nne kwa sita. Wote hawa hulala, na wote hukesha, kwa kiasi ambacho hakuna aliyeonyesha kuwa kinatokana na upande. Wanachoshiriki ni kelele ile ile na mwanga ule ule. Anayenunua kioo cha kurudisha qi na kuiacha taa ya nje ikimulika dirishani amelipia kitu kisicho na kazi akaacha chenye kazi. (Na anayemaliza kilo ya mbuzi saa nne usiku, au dereva aliyetafuna miraa tangu Meru, asimlaumu fundi wa kitanda.)

Limebaki pingamizi la maskini, nalo ndilo la kweli kabisa: mpangaji wa chumba kimoja hana nafasi ya kupanga chochote. Lakini ingia katika nyumba za kupanga za miji ya barabarani uone. Karibu kila chumba kina pazia, pengine leso au shuka kuukuu, lililotundikwa kwenye kamba kati ya mlango na kitanda. Mlango ukifunguliwa, mgeni huona kiti na jiko. Haoni anayelala, na upepo humfikia anayelala ukiwa umepungua. Ndio ujia wa kona wa enkaji, umeshonwa kwa kitambaa. Mwenye pazia hilo hana haja ya dira. Anachohitaji ni kitanda kitoke kwenye ukuta wa barabara kihamie ukuta wa ndani, upenyo wa chini ya bati upande wa kitanda uzibwe kwa gunia, dirisha lipate pazia zito, na tundu moja la hewa liachwe wazi upande usio na upepo. Na jiko la makaa, ambalo wengi huliingiza ndani Julai baridi inapozidi, lilale nje, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu wala moshi wa kumwamsha mtu.